Dewa Alit: mtunzi aliyejiundia gamelan yake

Dewa Ketut Alit alikuwa na kila sababu ya kubaki pale alipokuwa. Kufikia mwaka 2006 kazi yake moja ilikuwa imepigwa Carnegie Hall jijini New York, na nyingine katika tamasha refu la muziki mpya lililoandaliwa na kikundi cha Bang on a Can mjini humo humo. Nyumbani Bali, kisiwa cha Indonesia, alikuwa mmoja wa ndugu walioanzisha Çudamani, kikundi cha gamelan, yaani okestra ya vyombo vya shaba, kilichotajwa kwa heshima kisiwani na ng'ambo. Mwaka 2007 akaanza upya. Alibuni seti mpya ya vyombo vyenye upatanisho wa sauti aliouwaza mwenyewe, akakusanya wapigaji, akakipa kikundi jina la Gamelan Salukat.

Uamuzi huo ndio kiini cha kisa hiki. Tunapozungumzia mtunzi anayefanya kazi kati ya tamaduni mbili au tatu, wengi huwaza mchanganyiko: fidla hapa, marimba ya shaba pale, mpiga saksafoni katikati. Michanganyiko ya namna hiyo ipo mingi na mingine ni mizuri. Lakini hatua iliyompa Alit uhuru wa kuzungumza na dunia hakuipigia hodi Ulaya wala Marekani. Aliipigia hodi karakana ya mhunzi, palepale nyumbani, na naamini hapo ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kumwelewa.

Chombo kimoja, watu ishirini na tano

Kwa msomaji asiyewahi kuisikia, gamelan ni jamii nzima ya vyombo inayohesabiwa kama chombo kimoja. Aina iliyoenea zaidi Bali ni gong kebyar, iliyozuka kaskazini mwa kisiwa, upande wa Buleleng, katika miaka ya 1910. Wapigaji wake ni kati ya ishirini na thelathini. Zipo gangsa, marimba za shaba zenye mianzi ya kukuza sauti chini ya kila ubao. Ipo reyong, safu ya vyungu 12 vya shaba inayopigwa na watu wanne waliokaa bega kwa bega. Zipo ngoma mbili, ya kiume na ya kike, matoazi, filimbi, na pembeni kabisa zinaning'inia patu kubwa ambazo pigo lake moja hufunga mzunguko mzima wa muziki.

Huwezi kuchukua gangsa ya kijiji kimoja ukaipeleka kujaza pengo katika gamelan ya kijiji kingine. Kila seti hutiwa sauti peke yake, kwa sikio la mhunzi na matakwa ya waliolipa. Kuna mpangilio mkuu wa noti uitwao pelog, kuna mwingine uitwao slendro, ila hakuna kiwango rasmi cha kisiwa kizima. Noti ya kwanza ya seti ya kijiji cha Peliatan si lazima iwe noti ya kwanza ya seti ya mji wa Denpasar. Juu ya hayo, vyombo hutengenezwa kwa jozi, na wanajozi hupewa makusudi sauti zinazopishana kidogo. Tuseme ubao wa kwanza unatetema mara 300 kwa sekunde na mwenzake mara 307. Wakipigwa pamoja, sikio linapata noti moja inayopwita mara saba kila sekunde. Wabali huiita ombak, yaani wimbi, na gamelan iliyokosa wimbi hilo kwao ni mfu. Mhunzi anapata tofauti hiyo kwa tupa tu: akikwangua upande wa chini wa ubao, katikati, sauti inashuka, akipunguza ncha, inapanda. Sauti za seti mpya huhamahama kwa mwaka mmoja au zaidi mpaka shaba itulie, kisha huhitaji kurekebishwa tena.

Kuhusu uchezaji, anayefahamu amadinda ya Buganda ana mlango wa kuingilia. Kule, wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akipiga kwenye nafasi aliyoiacha mwenzake, na msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga wote. Gangsa hufanya hivyo hivyo kwa kasi ya kutisha. Upande mmoja, polos, na upande wa pili, sangsih, wakishikamana wanatoa kotekan. Mkono wa kulia unapiga kwa nyundo ndogo, wa kushoto unabana ubao uliopigwa punde ili uache kulia. Kubana ndiko kugumu. Anayeanza hupiga vizuri halafu anasahau kubana, na baada ya pigo la nne noti zote zinaloana kama nguo zilizochuja rangi. Wapo wataalamu wa karne iliyopita waliotumia ufanano wa aina hii kudai kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia. Dai hilo halijathibitishwa, nami silitegemei; ufanano wenyewe unatosha kumsaidia mtu kusikia.

Barabara ya upande mmoja

Kabla ya Alit kuzaliwa, Bali ilikuwa imeshasafiri sana, lakini kwa masharti ya wengine. Mwaka 1931 kikundi cha wachezaji na wapigaji kutoka Peliatan kilipelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Makoloni, wakati kisiwa kikiwa chini ya Waholanzi. Mwaka 1952 watu wa Peliatan wakasafiri tena, safari hii Ulaya na Marekani, chini ya Anak Agung Gede Mandera. Upande wa pili wa barabara alikuwepo Colin McPhee, mtunzi kutoka Kanada, aliyesikia santuri za gamelan, akaenda kuishi Bali miaka ya 1930, kisha mwaka 1936 akaandika kazi ya okestra iitwayo Tabuh-Tabuhan, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Mexico City. Benjamin Britten wa Uingereza alifika Bali mwaka 1956 na akarudi kwao na sauti zile.

Nawaheshimu watu hao. McPhee hasa aliandika na kuhifadhi mengi ambayo bila yeye yangepotea. Lakini mpango ulikuwa huo: Mbali, yaani mtu wa Bali, anapiga, Mzungu anatunga. Mbali akisafiri ni "kikundi kutoka Bali". Mzungu akisafiri ni mtunzi mwenye jina. Dereva wa McPhee, I Made Lebah, alikuwa mwanamuziki mkubwa wa Peliatan na ndiye aliyemfunulia McPhee mengi. Nusu karne baadaye, mwaka 1981, Mmarekani kijana Evan Ziporyn alikwenda kusoma kwa Lebah huyohuyo, sasa akiwa mzee. Ziporyn ndiye aliyekuja kuanzisha Gamelan Galak Tika kwenye chuo cha MIT mwaka 1993, na Galak Tika ndiyo iliyompigia Alit kazi yake Carnegie Hall. Mnyororo ni mmoja. Kilichobadilika ni nani anaitwa mtunzi.

Mtoto wa Pengosekan

Alit alizaliwa mwaka 1973 kijiji cha Pengosekan, karibu na Ubud, katika nyumba ya wasanii. Walimu wake wakuu walikuwa baba yake, Dewa Nyoman Sura, na kaka yake mkubwa, Dewa Putu Berata. Alianza kupiga akiwa na miaka 11. Akiwa na miaka 13 alikaa kwenye ugal katika kikundi cha watu wazima cha kijiji. Ugal ndiyo gangsa inayoongoza: mpigaji wake huinua nyundo juu ya vichwa vya wenzake, na ishara ya mkono wake ndiyo inayowaambia ishirini waingie, wakate au waongeze kasi. Kumkabidhi mtoto wa miaka 13 kiti hicho mbele ya baba za watu si jambo la mzaha.

Kati ya 1988 na 1995 alipiga na Semara Ratih, kikundi chenye sifa cha Ubud. Mwaka 1997 yeye na ndugu zake wakaanzisha Çudamani hapohapo Pengosekan. Mwaka uliofuata akahitimu chuo cha sanaa cha serikali mjini Denpasar. Mambo haya matatu yana uzito tofauti, na mimi nakipa kikundi cha ndugu uzito mkubwa kuliko chuo. Chuo kilimpa cheti na marafiki watunzi. Çudamani ilimpa vijana waliokuwa tayari kufanya mazoezi usiku baada ya usiku bila kulipwa, na mtunzi wa gamelan asiye na watu hao hana kitu, hata awe na kipaji cha namna gani. Hatungi kwenye karatasi akamkabidhi kondakta. Anatunga kwenye mikono ya watu.

Mwaka 2000 alitoa Geregel, kazi ya gamelan ya noti saba. Gong kebyar ya kawaida ina noti tano tu. Seti za noti saba za zama hizi zilianza na I Wayan Beratha, bingwa wa Denpasar, ambaye miaka ya 1980 aliunganisha kebyar na gamelan ya kale ya kasri kuwa chombo kipya, semaradana. Ndani ya noti saba mna makundi kadhaa ya noti tano, na mtunzi anaweza kuhama kundi moja kwenda jingine katikati ya wimbo, jambo lisilowezekana kwenye seti ya tano. Alit aliikamata nafasi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 2002 jarida la nadharia ya muziki la Marekani likachapisha makala ndefu kuhusu wimbi hilo la utunzi wa noti saba, na Geregel ikachambuliwa humo kwa kina. Mtunzi wa Bali mwenye umri wa chini ya miaka 30 alikuwa anasomwa noti kwa noti, kwa namna Wazungu wanavyowasoma watunzi wao.

Kazi ugenini, kwenye chombo cha wengine

Hapo ndipo mialiko ilipoongezeka, na tatizo lenyewe likaanza kuonekana. Mwaka 2004 Galak Tika walipiga Semara Wisaya. Mwaka 2006 wakapiga Pelog Slendro. Alit pia akawa anaalikwa kufundisha, MIT kwa upande mmoja, na Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, kwa upande mwingine.

Fikiria kazi hiyo inavyofanyika. Mtunzi anashuka kwenye ndege akiwa na nyundo zake, pengine na ngoma. Vyombo anavikuta. Sauti anazokuta si za kwao. Ni za seti ambayo kikundi kile kilinunua miaka iliyopita kutoka kwa mhunzi fulani. Alichokisikia kichwani Pengosekan hakitasikika kama kilivyo. Atatunga kwa ajili ya shaba iliyopo mbele yake, au akubali kwamba wimbo utavaa sura nyingine.

Halafu wapo wapigaji wenyewe. Bali, somo halitoki kwenye karatasi. Mwalimu anakaa ng'ambo ya chombo, akimtazama mwanafunzi, anapiga kinyumenyume kwa upande wake ili mwanafunzi aone sawasawa kwa upande wa pili. Njia hii inaitwa maguru panggul: nyundo ndiyo mwalimu. Mwanafunzi anafuata nyundo, anakosea, anafuata tena, mpaka mkono uelewe kabla ya akili. Vikundi vya chuo kikuu Marekani vina wahandisi, wanafunzi wa kemia, wastaafu, watu wanaopenda kwa moyo wote lakini wanaokutana mara chache kwa wiki. Pengosekan vijana huweza kukutana kila usiku kwa miezi kabla ya tamasha. Kasi ya kotekan haidanganyi. Wiki sita za ugenini haziwezi kuwa miezi sita ya nyumbani, na mtunzi mwenye busara anaandika akilijua hilo.

Kwa hiyo mtunzi wa Bali ugenini anabeba mizigo miwili kwa pamoja. Ni mtunzi, na ni mwalimu wa namna ya kushika nyundo. Wenyeji wake wanamwita kwa ajili ya wa kwanza, na muda unamezwa na wa pili. Naliona hili kama kikwazo kikubwa kuliko lugha, viza au baridi, ingawa halizungumzwi sana kwa sababu pande zote mbili zinapendana na hakuna anayetaka kuonekana analalamika.

Nyumbani nako kuna mpango wake. Gamelan nyingi za Bali ni mali ya mtaa, ya hekalu, ya chama cha wapigaji au ya ukoo wa kifalme. Hekalu lina sikukuu yake ya kuzaliwa, odalan, inayorudi kila baada ya siku 210 kwa kalenda ya pawukon, na wapigaji wanatakiwa wawepo. Huduma hiyo ni ngayah, haina malipo, na hakuna msanii mwenye akili timamu anayeomba kulipwa. Pembeni yake kuna hoteli zinazolipa kwa onyesho fupi, na kuna Tamasha la Sanaa la Bali linalofanyika Denpasar kila mwaka tangu 1979, ambako wilaya hushindana kwa gong kebyar na mashabiki hupiga kelele kama uwanja wa mpira. Kazi mpya inayoshinda huigwa na vikundi vingine msimu unaofuata. Mtunzi hapati mrabaha kwa hilo, anapata jina.

Mpango huu umezaa muziki mkubwa, siudharau hata kidogo. Lakini angalia unamfanyaje mtu anayetaka kwenda mbali kuliko ladha ya mashindano. Chombo ni cha mtaa, hivyo huwezi kukibadilisha sauti kwa sababu tu umeota ndoto. Waamuzi wana vigezo. Hekalu lina haki yake. Hoteli inataka kile mtalii alichokiona kwenye picha. Ugenini chombo ni cha chuo kikuu. Katika ramani hii yote, hakuna mahali ambapo mtunzi anamiliki sauti zake.

Noti kumi na moja

Ndiyo maana mwaka 2007 una uzito. Seti ya Salukat ina noti 11 katika oktava, zilizopatikana kwa kuunganisha pelog na slendro kwenye ubao mmoja. Kwa kawaida mifumo hii miwili haichangamani. Slendro ya Bali inasikika kwenye gender wayang, vyombo vinavyosindikiza michezo ya vivuli, na kwenye angklung ya noti nne inayopigwa mazishini; oktava yake imegawanywa karibu sawa kwa sawa. Pelog ina hatua zisizo sawa, nyembamba hapa, pana pale, na ndiyo sauti ya kebyar. Kila mfumo una kazi zake na siku zake. Kuziweka pamoja ni kumweka mtu kwenye chumba kimoja na sauti za msiba, za kivuli na za karamu.

Mtu anayejua piano atasema: noti 11, basi ni karibu na 12 zetu. Sivyo. Za piano zimepimwa kwa umbali ulio sawa kabisa, za Salukat hazikupimwa hivyo, na noti jirani zinaweza kukaribiana mpaka zikwaruzane. Alit anautumia ukwaruzano huo kwa makusudi. Kotekan ambayo sikio la Bali linaitegemea kuwa wazi na yenye kung'aa inaanza kuwa na kivuli. Wimbi la ombak, ambalo zamani lilikuwa ndani ya noti moja, sasa unalisikia kati ya noti na noti.

Gharama yake si ndogo. Shaba ya gamelan ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, kwa uwiano wa kama kumi kwa tatu, na bati ndilo ghali. Fremu huchongwa kwa mfenesi. Patu kubwa kwa desturi hutoka Java, ambako wapo wahunzi waliobobea katika kuzifua. Kila noti iliyoongezwa ni ubao mwingine kwa kila gangsa, na mwenzake wa jozi, na mwanzi wa kila mmoja wao uliokatwa kwa kipimo cha sauti ile. Ukipanda kutoka noti tano hadi 11 unaongeza uzito, upana, na umbali ambao mkono wa mpigaji lazima uruke. Mikono iliyokariri gangsa ya noti tano tangu utotoni inapaswa kujifunza ramani mpya, na majina matano ya asili ya noti, yale ambayo mtoto wa Bali huimba kabla hajagusa nyundo, hayatoshi tena.

Kuna gharama nyingine, na hii inaniuma zaidi. Geregel inaweza kupigwa na kikundi chochote chenye semaradana, Bali au kwingineko. Kazi iliyotungwa kwa noti za Salukat inahitaji Salukat. Hakuna kijiji kitakachoiiga msimu ujao, hakuna chuo cha Marekani kitakachoiweka kwenye ratiba, mpaka mtu asafirishe tani za shaba kwenye kontena. Alit aliikata njia ambayo muziki wa Bali umekuwa ukiitumia kuenea kwa karne nzima. Aliupata uhuru kwa kuacha kuigwa.

Kuna wanaoona hilo kama kosa. Hoja yao ni kwamba muziki wa Bali ni wa watu wengi, unaishi kwa kuibiwa na kurudishwa, na mtunzi anayejitenga na seti ya pekee anageuka msanii wa mtindo wa Ulaya, mwenye saini na studio. Hoja ina nguvu na nimeipima kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba upekee wa seti si kitu cha Ulaya hata kidogo. Kila gamelan ya Bali ilizaliwa ya pekee, na mabwana wa zamani walijivunia kwamba yao hailingani na ya jirani. Kebyar yenyewe ilipozuka Buleleng, watu waliyeyusha gamelan za kale za makasri na kuzifua upya ili zipige muziki mpya. Zilipotea nyingi kwa njia hiyo. Beratha naye aliunda chombo alipokiona kinahitajika. Alit amefanya wanachofanya Wabali kila muziki wao unapogeuka: kwenda kwa mhunzi. Na hakuyeyusha cha mtu.

Kukutana wakiwa sawa

Baada ya 2007 mwelekeo wa mialiko unasomeka tofauti. Amewaandikia watu wasiopiga gamelan kabisa, wakiwemo Talujon, wapiga vyombo vya kugonga wa New York. Mwaka 2015 Ensemble Modern ya Frankfurt, moja ya vikundi vyenye jina kubwa Ulaya katika muziki mpya, ilipiga kazi yake Open My Door. Hao ni wapigaji wa filimbi za chuma, fidla na tarumbeta, wenye kusoma noti kwa macho na kuhesabu mazoezi kwa saa zilizolipiwa. Hakuna maguru panggul pale. Mtunzi anatakiwa kuandika kila kitu.

Hapa utaona faida ya kwanza ya kuwa na chombo chako. Mtu aliyekwisha kuijaribu hoja yake nyumbani, kwa wapigaji wake, kwa miaka, anapoingia kwenye chumba cha Frankfurt haendi kuomba ladha ya Ulaya iongezwe kwenye gamelan. Anakwenda na jambo la kusema kuhusu muda, kuhusu namna kundi linavyopumua na kukata pamoja, na anauliza kama fidla na tarumbeta zinaweza kulisema. Huhitaji shaba ili kuwa mtunzi wa Bali. Lakini nadhani alihitaji kwanza kuimiliki shaba.

Faida ya pili ni rekodi. Kama kazi haiwezi kusafiri kwa kuigwa, itasafiri kwa santuri. Black Truffle, kampuni ndogo ya Australia inayotoa muziki wa majaribio, ilitoa albamu ya Genetic mwaka 2020, kisha Chasing the Phantom mwaka 2022. Hii ya pili ina kazi mbili, Ngejuk Memedi na Likad. Ya pili kati ya hizo ilitungwa wakati wa korona, Bali ikiwa imefungwa na watalii hawapo, na inasikika hivyo: muziki unaanza kutembea, unasita, unageuka, unajaribu mguu mwingine. Msikilize mpigaji anapobana. Mara nyingi kukata kwao ndiko kunakobeba hisia kuliko kupiga, watu wote wakinyamaza kwa pamoja pale ambapo sikio lilishajiandaa kwa noti inayofuata. Siku za nyuma msikilizaji wa gamelan huko Berlin au Melbourne alinunua "muziki wa Bali". Anayenunua santuri hizi ananunua Dewa Alit, na jina la kisiwa linakuja baadaye.

Watu wa Salukat ndio wanaonishughulisha zaidi ninapokifikiria kisa hiki, maana sifa zote zikishagawanywa, wao ndio wanaobeba kazi. Ni wapigaji wa Bali wenye sikukuu za hekalu, wenye familia, wenye gong kebyar ya mtaa inayowahitaji. Wanapokutana na Alit wanajifunza muziki usiowapa kombe la mashindano wala onyesho la hoteli, kwa mikono ambayo inabidi isahau nusu ya ilichokariri. Mashirika ya nje yanapoagiza kazi mpya, bajeti huhesabu ada ya mtunzi, tiketi na usafirishaji wa vyombo. Miezi ya mazoezi ya watu hao haiingii kwenye hesabu, kwa sababu kwao Bali mazoezi hayajawahi kuwa na bei. Anayemwalika Salukat leo, awe ni tamasha la Ulaya au chuo cha Marekani, aanze bajeti yake na mstari huo, kabla ya kontena na kabla ya ukumbi. Mtunzi ameshalipia shaba.